Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandika hali ya watu na ajira ya kata ya pembezoni mwa mji, Mtwara na Lindi

Andiko la kata linalopelekwa halmashauri likirudishwa mara ya kwanza, watu husema ofisa mipango ana roho mbaya. Likirudi mara ya tatu, wanakuja kwangu. Nimeshapitia maandiko ya vikundi, ya wanafunzi wanaofanya mazoezi kwa vitendo na ya watendaji wanaoandaa taarifa ya kata, na sentensi ya kufungulia karibu yote ni hii: "Idadi ya watu inaongezeka kwa kasi na vijana wengi hawana ajira."

Kasi ipi? Vijana wangapi? Hawana ajira mwezi wa ngapi? Mwandishi akikosa majibu hayo, karatasi inarudi.

Kata za pembezoni, kama Naliendele, Mitengo au Likombe upande wa Mtwara, ndizo ngumu kuliko zote. Mtu analala kata hii, kibarua chake kiko halmashauri nyingine, shamba lake la mikorosho liko wilaya ya Tandahimba. Kwa hiyo mwongozo huu unakutaka uamue mambo matatu kabla hujahesabu chochote: mpaka, mwezi, na maana ya neno "kazi". Ukiyaweka sawa hayo, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

## Andaa hivi kwanza

- Barua ya utambulisho iliyopita kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata. Bila barua, mwenyekiti wa mtaa ana haki ya kukuzuia, na wenye nyumba watakuona wa mikopo au wa kodi.
- Ramani ya kata kutoka idara ya mipango miji. Ya mkononi inatosha, mradi ionyeshe mitaa na barabara.
- Kitabu cha Sensa ya 2012 na cha 2022 cha mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala. Vyote vinatolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na vinapatikana bure kwenye tovuti yao.
- Simu yenye kikokotoo. Ilaze simu upande, vitufe vya ziada vitokee. Tunahitaji kile kilichoandikwa "ln".
- Daftari la mistari, kalamu mbili, na mtu wa kufuatana naye. Kama wewe ni mwanamume, afadhali huyo mwenzio awe mwanamke. Utaona sababu hatua ya 5.
- Siku kumi. Usijidanganye kwamba utamaliza wikiendi moja.

## Hatua ya 1: Funga mpaka

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: jina la kata, halmashauri yake, orodha ya mitaa au vijiji vyake leo. Kisha muulize mtendaji swali moja: tangu 2012, kata hii imemegwa, imeunganishwa, au imehamishiwa halmashauri nyingine?

Sababu ya kuuliza ni hii. Manispaa ya Lindi ilikuwa na watu 78,841 kwenye Sensa ya 2012. Fungua kitabu cha 2022 utakuta idadi zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mtu akikurupuka ataandika kwamba mji umelipuka. Kilichotokea ni kwamba katikati ya sensa hizo mbili Manispaa iliongezewa kata zilizokuwa za Halmashauri ya Wilaya ya Lindi, na halmashauri hiyo ikabaki na eneo dogo na jina jipya, Mtama. Wengi wa "wageni" hao hawakuhama hata hatua moja. Walilala vijijini, wakaamka manispaa.

Mtwara nako yamo. Baada ya Sensa ya 2012, Halmashauri ya Mji Nanyamba ilizaliwa kutoka kwenye Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Ukichukua namba ya wilaya ya 2012 ukailinganisha na ya 2022 bila kurudisha Nanyamba kapuni, utaandika kwamba watu wamekimbia.

Tahadhari: jina kubaki lile lile si uthibitisho kwamba eneo ni lile lile. Linganisha orodha ya mitaa, moja baada ya nyingine. Kama kata ilimegwa, jumlisha kata mama na kata mtoto za 2022 ndipo uilinganishe na kata mama ya 2012.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Eneo ninalozungumzia ni hili, na mwaka 2012 lilihesabiwa ndani ya hiki na hiki."

## Hatua ya 2: Chukua namba mbili, si moja

Namba moja haionyeshi mwelekeo. Chukua ya 2012 na ya 2022 za eneo lile lile, na pembeni ya kila moja andika tarehe yake: 26 Agosti 2012 na 23 Agosti 2022. Andika pia idadi ya kaya na wastani wa watu kwa kaya, vyote vimo humo humo kitabuni.

Wastani wa kaya unaponza wengi. Mtu anahesabu nyumba mpya, anachukua wastani wa taifa wa 2022, yaani watu 4.3 kwa kaya, anazidisha. Lakini kaya za Kusini zimekuwa ndogo kuliko za mikoa mingi. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mtwara na wastani wa 3.7. Zidisha kaya 1,000 kwa 4.3 upate 4,300, kisha kwa 3.7 upate 3,700. Umeshazaa watu 600 wa hewani, na kesho utawaombea zahanati. Tumia wastani wa kata yako.

Kumbuka pia sensa ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Agosti, Mtwara, korosho bado haijaanza kudondoka. Kibarua wa msimu, dereva wa lori la korosho, mnunuzi wa kutoka Dar es Salaam, wote hao hawamo. Sensa haikukosea, wewe ndiye utakayekosea ukidhani ile ni picha ya mwaka mzima.

## Hatua ya 3: Kokotoa kasi ya ongezeko

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Wanachukua ongezeko, wanaligeuza asilimia, wanagawa kwa miaka kumi. Si sahihi, kwa sababu watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao wanazaa na kuleta ndugu mwaka wa pili, kama riba inayozaa riba.

Fanya hivi, tukitumia mkoa wa Mtwara mzima kama zoezi:

1. Watu 2012: 1,270,854. Watu 2022: 1,634,947.
2. Gawa ya pili kwa ya kwanza: utapata 1.2865.
3. Bonyeza ln: utapata 0.252 hivi.
4. Gawa kwa 10, zidisha kwa 100: asilimia 2.5 kwa mwaka.

Njia ya mkato ingekupa asilimia 2.9. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uitumie kukisia miaka kumi na tano mbele.

Rudia na Lindi: 864,652 kwenda 1,194,028. Jibu sahihi ni asilimia 3.2, njia ya mkato ingekudanganya 3.8. Ukipata namba hizo mbili, mkono wako umeshaiva, nenda kwenye kata yako.

Namba peke yake haina ladha, iweke karibu na nyingine. Tanzania nzima ilikua kwa asilimia 3.2 kati ya 2012 na 2022, ikafika watu 61,741,120. Kwa hiyo Lindi imekwenda sambamba na taifa, Mtwara iko nyuma yake. Ila angalia na nyuma: kati ya 2002 na 2012 Mtwara ilikua kwa asilimia 1.2 tu na Lindi 0.9, miongoni mwa kasi ndogo kabisa nchini. Hiyo ndiyo habari kubwa ya Kusini. Mikoa iliyokuwa ikisindikiza watoto wake stendi ya mabasi ya Dar, sasa inaongeza watu kwa zaidi ya mara mbili ya kasi ya zamani. Kata yako ya pembezoni inapaswa kusimuliwa ndani ya mabadiliko hayo.

Kwa wanaotaka kujua watu watakuwa mara mbili lini: gawa 70 kwa kasi. Kwa asilimia 2.5 ni miaka 28, kwa 3.2 ni takribani 22.

Tahadhari: usiandike "kwa sababu ya gesi" wala "kwa sababu ya kiwanda" hapa. Bado hujauliza mtu yeyote. Sababu zitakuja hatua ya 6, kama zipo.

## Hatua ya 4: Tazama umri kabla ya kutazama ajira

Fupi hii. Kutoka kwenye majedwali ya umri, tenga makundi matatu: miaka 0 hadi 14, 15 hadi 64, na 65 kuendelea. Jumlisha la kwanza na la tatu, gawa kwa la pili, zidisha kwa 100. Hao ndio wategemezi kwa kila watu 100 wenye umri wa kufanya kazi. Kama kata yako haina jedwali la umri, tumia la halmashauri na useme wazi kwamba ni la halmashauri.

Bila hatua hii utaandika "asilimia 60 ya wakazi hawana kazi" huku umewaingiza watoto wa chekechea. Nimeliona hilo kwa macho yangu, tena kwenye andiko lenye muhuri.

## Hatua ya 5: Amua "kazi" ni nini

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo maandiko mengi yanapofia.

Nilikwenda mtaa mmoja wa Naliendele na kijana wa chuo aliyekuwa na dodoso zuri, limechapwa. Tukakaribishwa uani na mama mmoja, kanga kiunoni, viganja vimekoza weusi. Kijana akauliza, "Mama, shikamoo. Unafanya kazi gani?" Mama akajibu, "Marahaba mwanangu. Sina kazi, nipo tu nyumbani." Kijana akaandika: hana ajira. Nyuma ya mama kulikuwa na nusu pipa la kukaangia, majivu, jiwe la kugongea, na beseni la korosho zilizokwisha kubanguliwa likiwa limefunikwa kwa ungo. Ule weusi wa viganja ni mafuta ya ganda la korosho. Yanachoma ngozi na hayatoki kwa sabuni ya siku moja. Anabangua, mwanawe anauza kwa vipakiti stendi, na hela hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba.

Huyo mama ana kazi. Hakudanganya: kwa lugha yetu ya kila siku "kazi" ni ile ya kuajiriwa, yenye bosi na mshahara. Ukiuliza kwa neno hilo, utapata majibu ya neno hilo.

Watakwimu wanatumia kipimo kingine. Anahesabika kuwa na kazi aliye na umri wa miaka 15 na zaidi ambaye, katika siku saba zilizopita, alifanya angalau saa moja ya shughuli ya malipo au faida. Saa moja tu. Viwango vya kimataifa vilivyopitishwa mwaka 2013 chini ya Shirika la Kazi Duniani viliongeza jambo linalotuhusu sana huku: anayelima muhogo ili nyumba yake ile, huyo ni mzalishaji kwa matumizi ya kaya, anawekwa kapu lake, anayelima korosho au ufuta auze, huyo ana kazi.

Na asiye na ajira ni nani? Kwa kipimo cha kawaida lazima mambo matatu yakutane: hana kazi kabisa, yuko tayari kuanza, na amefanya jambo fulani kuitafuta ndani ya wiki nne. Kijana anayeshinda kijiweni aliyekata tamaa ya kutafuta hahesabiki hapo, na ndiyo maana tafiti za kitaifa hapa kwetu hutoa pia kipimo kipana kinachomgusa. Chagua kimoja, kiandike, usivichanganye.

Mimi ningekushauri ugawe watu wako makapu matano: ameajiriwa kwa mshahara, kibarua au deiwaka, anajishughulisha mwenyewe, analima au kuvua kwa ajili ya kula tu, hana na anatafuta. Wanafunzi, wasiojiweza, na wasio na kazi wala hawaitafuti weka pembeni. Neno moja la "ajira" linaficha watu wanne wa kwanza, na shida zao hazifanani hata kidogo. Saidia fundi anayepata siku mbili kwa wiki hahitaji mafunzo ya ujasiriamali, anahitaji siku nne zaidi.

Tahadhari: kuna kazi ambazo hutatajiwa. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa wakulima nje ya ushirika, hatakwambia anachofanya, anajua serikali haipendi. Anayepika gongo ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, atakwambia analima. Usilazimishe. Andika "biashara ndogo" uendelee. Ndiyo sababu pia ya kwenda na mwanamke: wanawake wengi hawatamtajia kijana wa kiume asiyemjua hela wanazopata bila mume kujua.

## Hatua ya 6: Pita kaya kwa kaya

Kitabu hakitakwambia ajira ya kata kwa mwaka huu. Utafiti wa kitaifa wa nguvu kazi, ule wa 2014 na wa 2020/21, ni wa sampuli. Haukukusudiwa kushuka mpaka ngazi ya kata. Anayekuletea "kiwango cha ukosefu wa ajira cha kata" kutoka kwenye utafiti huo, mwombe akuonyeshe ukurasa.

Kwa hiyo unatembea.

Chagua nyumba bila kuchagua. Tumia vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa kwenye nyumba. Kama mtaa una nyumba 300 na unataka 20, utachukua kila ya 15. Nyumba ya kuanzia ipigie kura: andika 1 hadi 15 kwenye vikaratasi, mtoto achomoe kimoja. Usianze kwa mwenyekiti, na usikubali mwenyekiti akupangie "wale wanaoelewa". Nyumba ikiwa imefungwa, rudi mara mbili kabla ya kuiacha. Nyumba zinazokutwa zimefungwa mara nyingi ndizo za wenye kazi. Ukiziruka, kata yako itaonekana ya watu waliokaa tu.

Nenda saa sahihi. Kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi, na Jumapili asubuhi. Saa nne asubuhi utakuta bibi na wajukuu.

Kaya ni chungu. Wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja ni kaya moja, hata wakilala vyumba vitatu. Nyumba ya wapangaji sita yenye majiko sita ni kaya sita. Kata za pembezoni zina nyumba nyingi za aina hii ya pili.

Uliza hivi, kwa maneno haya haya:

1. Usiku wa kuamkia leo, wangapi wamelala hapa na mnakula pamoja?
2. Yuko mwenzenu wa kila siku ambaye hayupo? Yuko wapi?
3. Wiki hii iliyokwisha, nani alifanya chochote cha kuingiza hela, hata kwa saa moja?
4. Anakifanyia wapi? Taja mtaa, kata au kijiji.
5. Nani analima au kuvua kwa ajili ya chakula tu?
6. Nani anatafuta kazi? Mwezi huu ameitafuta vipi?
7. Mmeishi hapa tangu mwaka gani, na mlitoka wapi? Kilichowaleta?

Swali la 4 ndilo roho ya kata ya pembezoni. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa 2015, kiko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba uko huko huko. Mfanyakazi wao akipanga chumba manispaa, kazi inahesabiwa upande mmoja na mtu anahesabiwa upande mwingine. Kinyume chake, makuli wa bandarini wapo wanaotoka nje ya mji kila alfajiri. Bila swali hilo utaidai halmashauri yako ajira ambazo tayari wananchi wako wanazo, au utajivunia ajira ambazo wanaozifanya si wako.

Swali la 7 ndilo litakalokuruhusu kuandika sababu. Wakikwambia "tulikuja kufuata kiwanja cha bei nafuu," basi sababu ni kiwanja, hata kama wewe ulitamani iwe gesi.

Ukubwa wa sampuli na ukweli wake. Ukiwa na watu 100, asilimia yoyote karibu na 50 inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 10 hivi. Ukiwa na 60, pointi 13. Ukiwa na 400, pointi 5. Kwa hiyo usiandike "asilimia 41.7" kutoka kwa watu 60. Andika "kama wanne kati ya kumi." Desimali kwenye sampuli ndogo ni mapambo.

Usiandike majina. Namba ya kaya inatosha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata kama tusingekuwa nayo, daftari lenye majina na kipato cha watu likiangukia kwenye bajaji ni balaa. Kumbuka vilevile kwamba ulichokusanya ni tathmini ya kata, si takwimu rasmi. Sheria ya Takwimu inatofautisha hivyo viwili, na wewe vitofautishe kwenye ukurasa wa kwanza.

Utajua umefaulu ikiwa jumla ya makapu yako matano, ukiongeza wale uliowaweka pembeni, inalingana na idadi ya watu wote wa miaka 15 na zaidi uliowakuta. Isipolingana kuna mtu umemhesabu mara mbili, mara nyingi ni yule mwenye genge asubuhi na bodaboda jioni. Mpe kapu la shughuli iliyompa saa nyingi zaidi.

## Hatua ya 7: Chora kalenda ya kazi

Hii nimejifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilipita kaya mwezi wa Desemba, shule zimefungwa. Wastani wangu ukatoka watu saba kwa kaya. Nikafurahi, nikadhani nimegundua jambo. Kumbe ulikuwa wakati wa kucheza wali, wasichana wa unyago, na kutoa watoto jandoni. Ngoma kila kona, ndugu wamejaa mpaka barazani. Nilihesabu wageni wa sherehe nikawaita wakazi.

Chora duara au mstari wa miezi kumi na miwili, uketi na wazee wawili na kijana mmoja wa kijiweni, mjaze pamoja. Kwa Mtwara utapata kitu kama hiki:

- Mei hadi Agosti: kupulizia salfa mikorosho, kuvuna na kuuza ufuta. Kusi inavuma, mashua ndogo nyingi zinakaa pwani.
- Oktoba hadi Desemba: kuokota korosho, minada ya vyama vya ushirika kupitia stakabadhi ghalani, maghala yanataka wabebaji, malori yanapanga foleni. Hela ipo, mafundi ujenzi nao wanapata tenda, maana mkulima akilipwa ananunua bati.
- Januari hadi Aprili: mvua, palizi, akiba inaisha. Kaskazi inaruhusu uvuvi. Ujenzi unalegea.

Ukihoji Novemba, "ajira" ni tele. Ukihoji Machi, kata ni ile ile, watu ni wale wale, na jibu ni kinyume. Kwa hiyo mwezi wa kuhoji unaandikwa kando ya kila namba ya ajira, bila kukosa. Kama una nguvu, rudi kwenye kaya ishirini zile zile msimu wa pili. Kurudi huko kutakufundisha kuliko kuongeza kaya mia mpya.

Msimu nao hautabiriki. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei ya minadani, mpaka Novemba Rais Magufuli akaagiza jeshi likusanye korosho na serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Anayelinganisha Novemba ile na Novemba nyingine yoyote alitaje hilo.

## Hatua ya 8: Pima kwa ushahidi wa pembeni

Kabla hujaandika, tafuta vitu vitatu visivyotoka mdomoni mwa mtu:

- Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa miaka mitano, kutoka kwa mwalimu mkuu. Ukipanda kuliko kasi yako ya hatua ya 3, huenda wenye watoto wadogo wanahamia.
- Leseni za biashara na vibali vya ujenzi vya kata, kutoka ofisi ya biashara na mipango miji.
- Kijiwe cha bodaboda. Simama saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja na nusu, hesabu pikipiki zinazobeba watu kwenda mjini na zinazorudi tupu. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuona kama kata yako ni ya kulala tu.

Namba zikipingana, usifiche. Darasa la kwanza likishuka huku nyumba zinaongezeka, huenda nyumba ni za wapangaji wasio na familia. Huo ni ugunduzi, upe aya yake.

## Hatua ya 9: Andika kurasa nne

Ukurasa wa kwanza: mpaka, tarehe, kipimo cha kazi ulichotumia, idadi ya kaya ulizopita na mwezi. Wa pili: watu, kasi, umri. Wa tatu: makapu matano, wanakofanyia kazi, kalenda. Wa nne: unachoomba, kikitokana na kurasa tatu za mwanzo. Kama kikundi chako kinalenga mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ule unaogawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, onyesha ni kapu lipi kati ya matano linabeba wanachama wako.

Zile sentensi za "kwa kasi kubwa" na "vijana wengi" zifute zote. Weka badala yake kitu kama: "Kati ya vijana 84 tuliowakuta mwezi Machi, kama nusu wanaishi kwa kibarua, na wengi wa hao hupata chini ya siku tatu kwa wiki." Hizo namba ni za mfano, za kwako ziko kwenye daftari.

Na hilo daftari usilitupe. Siku ya kuwasilisha, ofisa mipango atanyanyua miwani, ataweka kidole kwenye namba moja na kuuliza, "Hii umeitoa wapi?" Fungua ukurasa, mwonyeshe namba ya kaya, tarehe na mtaa. Kisha mpe kalamu, asaini kwamba ameipokea.